Kidude Hakitoi Shikamoo

Somoe mwanangu,

Nasikia unavyogombana na zipu ya begi lile jeusi. Nilishakuambia kwamba ni bovu na leo sirudii. Sitakuambia pia habari za kuchemsha maji, wala kula kabla ya kwenda darasani, wala kuchagua marafiki. Baba yako amekuhubiria hayo yote tangu asubuhi huku akikufungia korosho mfuko juu ya mfuko, utadhani Morogoro hawali. Mimi nimekaa huku dukani, kwenye meza yangu ya kazi. Nimesogeza kando redio ya watu iliyofunguliwa tumbo, nikapata nafasi ya karatasi. Kati yangu na wewe kuna ukuta wa tofali moja tu, na bado nimeona nikuandikie. Utacheka. Cheka tu.

Kinachoniuma nikiseme mapema, maana unanijua, nikikizungushia maneno nitaishia kukifukia. Habari kwamba umechaguliwa kwenda Morogoro kusomea udongo sikuisikia kwako. Niliisikia mwezi uliopita kwa bibi yako, kule Chiwata, tumekaa chini tunatenganisha korosho na mabibo, mikono yote inanata.

"Mama Somoe," akaniambia, "mjukuu wangu anaondoka lini?"

"Anaondoka kwenda wapi, mama?"

"Weye! Si Morogoro huko. Kwani miye ndiye wa kukupa habari za mwanao?"

Nikajichekesha, nikasema aah, nilipitiwa. Bibi yako hakudanganyika, ila alinistahi. Nilirudi Masasi kwa pikipiki, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kukusema. Nikakukuta hapo kaunta. Ukainuka ukaniamkia vizuri kama siku zote, "Shikamoo mama," nami nikaitikia marahaba kwa sauti ya ugomvi. Nikakuuliza kwa nini bibi ajue kabla yangu. Hukuwa na jeuri hata kidogo. Ulisema, "Bibi aliniuliza."

Ukarudi kupanga betri kwenye kabati. Mimi ambaye soko zima la Masasi linaniogopa kwa mdomo nikashika bisibisi, nikainamia kazi. Na tangu siku ile, humu ndani ni shikamoo na marahaba, chakula tayari, asante, basi.

Jibu lako lilinishika kwa sababu nilikuwa nimewahi kulikuta mahali pengine, zamani, kwenye kidude cha kusomea kadi. Wewe ulikuwa bado shule ya msingi, ukitoka darasani unakuja kusinzia chini ya meza hii juu ya maboksi. Ngoja nikuhadithie, maana wakati ule ulikuwa unaona miguu yangu tu.

Maji ya Newala unayajua. Watu wako juu, maji yako chini bondeni, yanapandishwa kwa pampu na yakifika yanagombewa. Ikaja kazi ya kufunga maboksi kwenye magati ya kuchotea maji. Mtu anagusisha kadi yake, koki inafunguka, maji yanatoka kadiri alivyolipia, koki inajifunga. Watu wakaiita luku ya maji, kama ile ya umeme wa kulipia kabla, na jina likaganda. Ndani ya boksi kuna kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, imekaa gizani ikifanya kazi moja tu mpaka inakufa. Kisoma kadi ni kidude cha pembeni. Kinaungana na ile kompyuta kwa waya wa USB, ndugu yake huo unaochajia simu.

Mimi niliitwa nikiwa fundi wa simu na sabufa aliyejisomea programu kwa ukaidi. Kisoma kadi kilitoka kiwandani na programu ya kukiendesha kwenye kompyuta kubwa za ofisini. Kwenye mfumo mdogo unaoendesha kompyuta ya ndani ya boksi, hakuna aliyekifahamu. Ilibidi mtu aandike kiendeshi, yaani ile programu inayosimama katikati, mkono mmoja inaelewana na kidude na mkono wa pili inaelewana na mfumo. Programu ya maji haina haja ya kujua habari za waya wala umeme. Inakiambia kiendeshi, nipe namba ya kadi, na kiendeshi kinajua pa kuitafuta. Nikasema nitakiandika mimi. Nilijiona nimeula.

Nikaandika, na nilichoandika, mwanangu, kilikuwa adabu tupu. Kiendeshi changu kilikaa kimya kikisubiri kisoma kadi kiseme. Mtu akishagusisha kadi, niliwaza, kidude si kitaleta habari chenyewe? Mdogo ndiye anayeanza. Anakuja, anaamkia, mkubwa anaitikia, ndipo mazungumzo yanapata njia. Nimelelewa hivyo Chiwata. Bibi yako alikuwa akikupita uani na hukumwamkia, anakupita kabisa, utadhani wewe ni kinu. Basi mimi sikujua hata kwamba nimeamua jambo. Niliandika dunia kama ninavyoijua.

Nikagusisha kadi. Kimya. Nikabadilisha waya, kimya. Nikakitukana matusi ambayo nashukuru ulikuwa umelala. Nikakirudisha Dar kwa waliokiuza na kuwaambia wameniletea kibovu, nao wakakijaribu, wakakirudisha na ujumbe kwamba ni kizima, fundi ajiangalie mwenyewe. Nikapandisha hasira, nikaagiza kingine. Nacho kikauchuna vilevile.

Ndipo nikakaa kuyasoma maelezo ya USB yenyewe, yale niliyokuwa nayaruka kwa sababu ya Kiingereza chake kigumu na michoro isiyoisha. Humo nikakuta jambo lililonichekesha mpaka ukaamka chini ya meza. Kwenye USB, kidude hakianzi kusema. Kinaweza kuwa na kadi mbele yake na habari tele tumboni, lakini kitakaa nazo mpaka kiulizwe. Mwenye kuuliza ni kompyuta, mkubwa, kila mara. Mimi nilikuwa nasubiri shikamoo kutoka kwa kidude, na kidude maskini kilikuwa kinasubiri nikijulie hali.

Chenyewe kinaruhusiwa kubisha hodi tu. Ukichomeka waya, kidude kinainua umeme kidogo kwenye uzi mmoja wa ndani, na kompyuta inajua kuna mtu mlangoni. Hapo haikurupuki. Inangoja plagi itulie, maana mkono wa mtu hutetemeka ukichomeka, halafu inakirudisha kidude mwanzo kabisa ili waanze pamoja. Kwa wakati huo mgeni hana jina, kila anayeingia anaingia na anwani ya sifuri. Inamuuliza, wewe nani? Anataja namba ya kiwanda chake na namba ya aina yake. Inampa anwani yake mwenyewe. Inamuuliza tena, unaweza kazi gani, habari zako zinapitia mlango upi, unahitaji umeme kiasi gani? Mpaka hapo anaonjeshwa umeme kidogo tu wa ugeni, kama kikombe cha maji kabla ya ugali. Kisha mfumo unavigeukia viendeshi vyake: nani anamfahamu huyu? Kila kimoja kinatazama zile namba. Visivyomjua vinakaa kimya, na changu kinasema, huyu ni wangu.

Baada ya hapo kazi ni kuuliza. Una kadi? Una kadi? Una kadi? Na kidude chenyewe ndicho kilichosema pale mwanzo kipendavyo kuulizwa, kila baada ya muda gani, basi kinaulizwa hivyohivyo bila kuchoka. Mara nyingi hakina kitu. Siku mama wa watu akija na ndoo yake na kadi yake, swali linamkuta palepale.

Nikafunga maboksi nikiamini nimemaliza. Thubutu!

Kidude kisipokuwa na la kusema kinajibu neno moja fupi, ambalo kwa Kiswahili naliona ni "bado". Hakijasema hapana, wala hakijasema kimeharibika. Kwenye kompyuta kubwa neno hilo linamalizwa hukohuko chini kwenye vyuma, halifiki kwa kiendeshi. Kwenye mfumo wetu mdogo lilikuwa linanifikia mimi, na mimi nikaliweka kwenye kundi la makosa. Zikija bado kadhaa mfululizo, kiendeshi changu kinaamua kidude kimekufa, kinakizima na kukiwasha, kianze tena hodi, anwani na maswali yote. Sasa fikiria gati la Mkunya, kulekule Newala, asubuhi, foleni ya ndoo imefika barabarani. Mtu anagusisha kadi na kidude ndiyo kwanza kinaamshwa. Anagusisha tena, kinaamshwa tena. Mama Zaituni, aliyekuwa mwangalizi wa gati lile, akanipigia simu.

"Mama Somoe, luku yako ina majini. Mtu akiisemesha inazimia."

Nikapanda Mkunya nikarekebisha. Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo kiasi cha aibu: ukisikia bado, tulia, uliza tena wakati wake ukifika. Nilijipongeza, nikala ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha vya Mama Zaituni, nikarudi nyumbani nikijiona fundi aliyekomaa.

Na wewe nikakufanyia lilelile. Ulipomaliza kidato cha sita nilikuuliza mara moja tu, tena nikiwa na pasi ya kuchomelea mkononi na macho kwenye bodi ya redio ya mtu, "Somoe, unataka kufanya nini sasa?" Ukanijibu, "Sijui bado, mama." Mimi nikasikia "sijui". Lile "bado" sikulisikia kabisa, na mimi ndiye niliyepanda Mkunya kwa ajili yake. Nikakuwekea kiti kaunta, nikawatangazia wateja kwamba duka limepata mwenyewe. Nikawaonyesha jina lako pale ukutani, SOMOE ELEKTRONIKI, nililolichora hujajua hata kulisoma. Ukasema "sawa mama". Mwaka mzima ukawa wa "sawa mama", nami nikaridhika nayo, kwa sababu lilikuwa jibu nililolitaka.

Siandiki haya ili unionee huruma. Huruma yako naijua, utaniletea chai na tutaishia hapo.

Kile kisa kingine cha Mkunya umekisikia nusu, kile wanachonitania hadi leo kwamba nimewahi kugawa maji bure. Vumbi la kule unalijua, linaingia hata kwenye sahani iliyofunikwa. Mama Zaituni kwa usafi wake akakifuta kisoma kadi kwa upindo wa khanga wakati mtu anaendelea kuchota. Waya ukachomoka. Akaurudishia harakaharaka, akatazama huku na huku, akashukuru hakuna aliyeona. Lakini kiendeshi changu kilikuwa kimeshauliza swali, kinasubiri kisoma kadi kithibitishe kiasi kilichokatwa, na koki ilikuwa wazi ikikisubiri kiendeshi. Kisoma kadi kikarudi, kikabisha hodi upya, mfumo ukakipa anwani mpya. Na mimi sikuwa nimeandika mstari hata mmoja juu ya kuondoka. Kiendeshi kikabaki kinasubiri kwenye anwani ya zamani, pasipo na mtu, na kingesubiri hapo mpaka kiama. Maji yakawa yanamwagika tu. Newala, mwanangu! Maji yanamwagika Newala!

Watu wakatoka na ndoo, na sufuria, na mabeseni ya kuogeshea watoto. Mama Zaituni amesimama katikati, khanga imelowa, anapiga kelele, "Jamani msichote, ni ya bure hayo!" Ndipo na wale waliokuwa ndani wakatoka. Akanipigia simu huku nasikia vicheko na miguu ikichapa tope.

"Mama Somoe, njoo ufunge mto wako."

Nilipofika tangi lilikuwa limekauka. Walionicheka walikuwa na ndoo zilizojaa, na kicheko chao nilikibeba bila taabu. Kesho yake upande wa pili wa kijiji walikosa maji. Nilimkuta mama mmoja pale gatini na ndoo yake tupu, akaniangalia nikiwa nimeinama kwenye boksi, akasema tu, "Pole na kazi, mwanangu." Hiyo ndiyo iliyoniuma, afadhali angenitukana.

Nikaandika sehemu ya kuaga, ambayo kumbe kila kiendeshi kizuri kinayo. Kidude kikichomoka, mfumo unakiarifu kiendeshi hapohapo. Kiendeshi kinaacha kusubiri. Kinaiambia programu ya maji wazi kwamba mwenzetu ameondoka, funga koki. Kila nafasi ya kumbukumbu iliyoshikwa kwa ajili yake inaachiwa, waitumie wengine. Hakimsahau, maana namba zake kinazo na siku akirudi kitamtambua. Ila akirudi atakuwa na anwani mpya, na ataulizwa yote tangu mwanzo, wewe nani, unaweza nini, unahitaji nini, hata kama ni yuleyule aliyetoka sasa hivi. Ukimwita kwa anwani ya zamani hakusikii.

Kesho alfajiri basi litaondoka na wewe, na mimi najijua. Mimi ni mtu wa kubaki nasubiri kwenye anwani ya zamani. Ningekuwa naigeukia kaunta kila nikitaka bisibisi, kwa miezi. Ndiyo maana leo mchana nilikiondoa kile kiti chako. Ulikitazama kikitoka, ukanitazama mimi, na mimi kwa ujinga wangu sikueleza. Sikukiondoa kwa hasira, Somoe. Nimempa baba yako akakalie uani. Jina ukutani nitaliacha, kwa sababu rangi ni ghali na kwa sababu ni jina zuri.

Naogopa, na nalisema. Siogopi kwamba utapotea huko, una akili kutushinda sote humu. Naogopa kwamba utaniamkia vizuri kwenye simu miaka na miaka, mimi nitaitikia marahaba, na sitajua habari zako. Nilipokusikia juzi ukimsimulia bibi yako kwenye simu jinsi udongo wa mikorosho unavyochoka, ulikuwa na sauti ambayo dukani humu sikuwahi kuisikia. Nilisimama na chujio la chai mkononi mpaka chai ikapoa. Nilimwonea wivu mama yangu mzazi, mtu mzima mimi.

Basi uniambie tu niwe nakuuliza kila baada ya muda gani. Kila siku, kila Jumapili, utakavyo, hilo ni lako kusema. Siku huna la kunipa, sema bado, sitakuzima nikuwashe. Na ukirudi likizo nisikuite mtoto wa kaunta. Nikikuita hivyo nikanye. Njoo na habari zako mpya, uniambie lile vumbi la Mkunya, ambalo miaka yote nimelifuta kwenye vidude kama adui yangu, lina nini ndani yake mpaka likakuchukua.

Zipu imenyamaza sasa. Ama imefunga ama umeikatia tamaa. Barua hii nitaichomeka chini ya korosho za baba yako, kwa hiyo utaikuta njiani njaa ikikushika. Kabla ya hapo, nikishaweka kalamu chini, nakusudia kuja mlangoni kwako kubisha hodi. Usiniamkie. Nataka nianze mimi, na swali ninalo moja: kwa nini udongo, mwanangu? Ukisema bado, nitakaa hapo kitandani nikusaidie na zipu.

Lakini mimi ni mama yako yuleyule, huenda nikafika mlangoni nikaishia kukuambia uchemshe maji. Utakaposoma hapa utakuwa umeshajua nilifanya lipi. Kama nilishindwa, usikae kimya ukinisubiri. Kidude hakiwezi kuanza kuuliza. Wewe unaweza.

Mama yako,
upande wa pili wa ukuta